Sikio la Kushoto

Karakana, 5 Machi

Dada Mkia,

Salamu utazikuta mwisho, zikibaki. Jana tumemzika mke wangu. Walinizuia nisifunue uso wake, mimi fundi wa kuchomelea ninayetazama moto kila siku, eti sitaweza. Niliufunua. Upande wa kulia hapakuwa na kitu cha kuitwa uso. Nakuandikia hilo kwanza ili ujue unamjibu mtu mwenye hali gani.

Binti yetu halii. Amekaa kwa bibi yake anachana nywele za mwanasesere, anachana mpaka zinang'oka.

Wamenieleza kwamba taya lako limefungwa waya na huwezi kutamka hata jina lako. Sawa. Mkono ni mzima, kwa hiyo nijibu mambo mawili.

La kwanza, filimbi. Kanuni za kikundi chetu cha matembezi tulizitunga mimi na wewe, kwenye meza yako ya kushonea, katikati ya viatu vya watu. Anayetangulia, Mbele, hageuki kwenye kivuko, anasikiliza filimbi ya anayefunga msafara, Mkia. Moja ndefu, simameni. Mbili fupi, wote tumevuka, twendeni. Siku ile tulikuwa tumeufuata mto vizuri tangu asubuhi. Mawe ya pale unapoingia baharini nilishayavuka, napinda mwamba kuelekea ufukweni, na watu wote nyuma yangu isipokuwa nyinyi wawili. Nikasikia mbili fupi. Nikaenda. Nilitembea mchangani naimba, Dada. Mke wangu anapigwa nyuma ya mwamba na mimi naimba, na wanakikundi, kina Kofia, wanaitikia! Nani alipuliza?

La pili, nani alimpiga? Wewe ulikuwepo.

Salamu hazikubaki.

Mbele


Wodi ya wanawake, 8 Machi

Mdogo wangu,

Pole. Neno lenyewe ni dogo na sina lingine. Nimelia mpaka waya umeniuma.

Hata hapa wamenipa kitanda cha mwisho, karibu na choo. Mkia ni mkia. Nalishwa maziwa na supu kwa mrija, na mrija wenyewe unapita kwenye lile pengo langu la mbele, ulilonipa wewe uliponisukuma kwenye baiskeli. Miaka yote nakulaumu, kumbe ulikuwa unaniwekea akiba.

Nakujibu. Soli ya kiatu cha wifi ilibanduka kwenye kokoto kabla ya kivuko. Unajua sindano na uzi haviniachi, nikakaa chini niishone. Wanaume watatu wakatokea upande wa lile shamba la kando ya mto na marungu. Wakasema njia ya mto imefungwa, turudi tulikotoka. Wifi akawauliza ni nani kati yao aliyeuchimba huo mto. Unamjua mkeo, neno halikuwahi kumkaa kooni. Mmoja akampiga rungu la shavu. Alianguka na kiatu kimoja mguuni, kingine kikiwa mkononi mwangu na sindano ndani. La pili lilimkuta chini. Nilisikia mfupa, na bado nausikia nesi akivunja vile vichupa vya dawa.

Filimbi nilipuliza mimi. Mbili fupi, kwa makusudi. Ningepuliza moja ungerudi mbio na fimbo yako ya kutembelea, na nyuma yako wazee wa magoti mabovu na wamama wa kisukari, wangewapasua mmoja mmoja pale kwenye mawe. Wifi alikuwa ameshakwenda. Nilichagua waliobaki, na wewe ukiwemo. Baada ya hapo nami nikapigwa, nikaangukia majini.

Sura zao sizikumbuki. Jua lilikuwa machoni.

Dada yako, Mkia


Karakana, 10 Machi

Dada,

Nani alikupa kazi ya kunichagulia? Alikuwa mke wangu. Kama ni kufa ningefia pale, na kama alikuwa ameshakwenda ningemshika hata mkono. Wewe umeninyang'anya hilo kwa pumzi mbili, halafu unaniletea utani wa pengo na baiskeli.

Na usinidanganye kuhusu jua. Njia ile nimeiongoza mimi tangu kikundi kianze. Saa ile, pale kwenye kokoto, jua linakuwa mgongoni kwa mtu anayelitazama shamba. Uliwaona vizuri. Unamficha.

Basi sikiliza. Walinzi wa shamba lile wanalala kwenye banda moja la mabati. Nimekwenda kuliangalia. Mlango mmoja, dirisha halipitishi hata paka. Mimi nina mitungi miwili ya gesi hapa karakana, na kufunga mlango wa bati kwa moto ni kazi ya dakika chache. Usiponiambia ni nani, sitachagua. Nitawachoma wote, wenye hatia na wapishi wao.

Kofia amenifuata na maneno yake ya busara. Nimemrushia nyundo. Haikumpata.

Mbele


Wodi ya wanawake, 12 Machi

Mdogo wangu,

Weka mitungi chini. Nakuomba kwa ajili ya binti yako, ambaye ameshampoteza mmoja na sasa wewe unataka kumnyang'anya wa pili.

Nimemkumbuka. Ni mtu mrefu, wa makamo. Sikio lake la kushoto limekatika ncha, kama limetafunwa na panya. Ndevu zake zina mvi upande mmoja tu. Ananuka grisi. Si mlinzi wa pale, wale walinzi hawahusiki, waache walale. Ni mpita njia aliyekodiwa siku ile. Niliwasikia wenzake wakimhimiza waondoke haraka, kwao ni mbali sana. Huyo hutampata, na wala usimtafute. Waachie polisi.

Umeshanipigia makelele ya kutosha kwa mwezi huu. Kula kitu. Mpelekee mtoto mwanasesere mwingine.

Dada yako, Mkia


Wodi ya wanawake, 16 Machi

Mdogo wangu, soma hii umesimama, na ukishaisoma usitoke nje ya karakana.

Leo nimepata mgeni. Mwanamume mrefu, kofia mkononi, ameleta machungwa. Nesi akamcheka: unamletea machungwa mtu asiyefungua mdomo? Akaona haya. Akaazima kikombe, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akayakamua yote kwa mikono mitupu, mikono mikubwa ya kufungulia nati, akanipa mrija. Ni fundi wa pampu za maji kule mtoni. Siku ile alikuwa chini ya kivuko anazibua bomba, akaniona naelea. Alinitoa, akanibeba begani mpaka barabara kuu, akasimamisha lori. Hakuna aliyemtuma.

Alipoinama kuniwekea kikombe nikaona sikio lake la kushoto. Limekatika ncha. Mdogo wangu, nilitaka kupiga kelele na waya haukuniruhusu.

Yule mtu niliyekuandikia nilimtunga. Nilitaka umtafute mtu asiyekuwepo mpaka hasira zikuishe. Nilijiona mjanja, nimeokota sikio hapa na ndevu pale. Kumbe sikutunga chochote. Mtu akibebwa begani ataona nini zaidi ya sikio na ndevu za upande mmoja? Atanusa nini zaidi ya grisi ya aliyembeba? Nilikuwa namkumbuka yeye bila kujua.

Polisi niliwaandikia ukweli tangu siku ya kwanza, na leo asubuhi wamenijulisha wameshamkamata muuaji. Yuko mikononi mwao, huwezi kumfikia tena, ndiyo maana nakuambia. Ni kijana mfupi wa palepale shambani, uso laini, hata ndevu hajaota. Alimpiga wifi huku analia, sijui alikuwa anamwogopa nani. Nilimrukia nikamng'ata mkono wa kulia, karibu na kiwiko, na sikuachia mpaka aliponivunja taya. Alama ya meno yangu anayo.

Nesi amepiga simu karakana tangu mchana. Inaita tu. Nampa dereva wa gari la wagonjwa barua hii aisukume chini ya mlango wako. Popote ulipo, simama.

Mkia


Karakana, usiku wa 17 Machi

Dada,

Kazi imekwisha. Sijafika kwangu tangu juzi. Nimeingia kwa mlango wa nyuma kuchukua koti, na nimekaa gizani nakuandikia kwa mwanga wa barabarani.

Ulisema sitampata, na nimempata. Hakuwa wa mbali hata kidogo, walikudanganya. Nilianzia juu ya mto nikiulizia sikio. Watu wanaangalia masikio kuliko unavyofikiri. Muuza duka mmoja akacheka, akasema huyo ni fundi wa pampu, mwangalie kwenye kibanda cha pampu, yuko pale kila siku.

Nilimkuta amepiga magoti anafunga boliti. Sikio lenyewe, ndevu zenyewe, grisi mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa na nondo ndani ya gazeti. Sikutaka kukosea, Dada, mimi si mnyama. Nikamuuliza: siku ile wale wanawake wawili walipopigwa kivukoni, ulikuwepo? Hakukataa. Akasimama, akapangusa mikono, akasema, "Nilikuwepo, ndugu yangu. Hata yule mama mwingine, mimi ndiye—"

Sikumwacha amalize. Amekiri kwa mdomo wake, nataka nini tena? Nilianza na magoti asikimbie. Alipoanguka nikaenda kwenye mikono, kwa sababu mikono ndiyo iliyoshika rungu. Niliipiga juu ya lile jiwe la pampu, wa kulia kwanza. Alikuwa anapiga kelele, anataja maji, anataja begani, sijui nini. Nikampiga wa kushoto. Mpaka alipozimia vidole vyake vilikuwa vimeelekea kila upande.

Nilidhani nitajisikia vizuri. Nimejisikia vizuri, ila nimenawa mikono mara tatu na bado nanusa grisi yake. Sikumuua, nataka aishi nayo. Najua watakuja kunichukua, waje tu. Mwambie binti yangu baba yake hakukaa bure.

Nje kuna gari limesimama.

Mbele


Jengo la wanaume, orofa ya chini, 20 Machi

Kwa mama wa kitanda cha mwisho,

Tuko hospitali moja, ni uwanja tu unaotutenganisha. Nakuandikia kwa sababu nikija huko nitakupiga, na taya lako limeshavunjwa tayari.

Mimi ni mke wa fundi pampu. Machungwa yale nilinunua mimi, nilimwambia mgonjwa haendewi mikono mitupu. Leo asubuhi wamemkata vidole vya mkono wa kulia, vyote isipokuwa dole gumba. Wa kushoto wanasema wataangalia. Magoti hayatakunjika tena. Polisi wamenisomea yaliyokutwa kwa ndugu yako: barua yako, imekunjwa mfukoni mwake pamoja na damu ya mume wangu. Mrefu, ndevu, sikio. Umemchora vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi mkewe.

Alikubeba begani, akarudi nyumbani shati limejaa damu yako, nikalifua mimi. Nilimwambia umefanya jambo jema. Ningejua ningemwambia akuache uende na maji.

Yeye hana hasira, na hilo ndilo linaloniumiza. Akizinduka anauliza kama taya lako linaunga. Nimemwambia linaunga. Usije kwetu.


Rumande, 24 Machi

Dada,

Nimeruhusiwa karatasi moja. Barua zako za karibuni sijazipata. Kofia ndiye mwenye ufunguo wa karakana sasa, ametuma salamu kwamba ameokota bahasha yako chini ya mlango na ataniletea Jumapili, pamoja na sabuni. Mtu niliyemrushia nyundo ananiletea sabuni.

Polisi wanasema nimempiga asiyehusika. Wanasema hivyo ili nilegee nisaini. Wewe ulimwona, na mimi nakuamini wewe kuliko mwenye sare yeyote.

Humu tunalala kama njiti za kiberiti. Jirani yangu ni kijana mmoja mfupi, hajaota hata ndevu, sijui wamemleta kwa kosa gani, hasemi. Ana kidonda mkononi, karibu na kiwiko, kilifungwa zamani na hakikauki. Anasema ni mbwa. Wakubwa wa humu walikuwa wanamnyang'anya mkate. Nilimvunja pua mmoja wao, sasa wanamwacha. Usiku anaweweseka, analia, namlaza kwenye goti langu. Nimechana shati langu nimempa kitambaa ajifunge. Ananiita baba. Nilipomsimulia habari ya mke wangu na mto hakula siku nzima. Nikasema moyoni, kumbe bado kuna vijana wenye huruma.

Nikitoka, kama nitatoka, nitamfundisha kuchomelea.

Mbele


Wodi ya wanawake, 27 Machi

Kofia,

Hii ni filimbi moja ndefu. Simama hapo ulipo.

Ile bahasha uliyookota chini ya mlango wa karakana, ichome. Usimpelekee, usimsomee, usimwambie hata kwamba uliichoma, mwambie imelowa mvua. Nilimweleza humo muuaji wa wifi kwa sura na kwa alama, nikidhani hatakutana naye duniani. Wamewalaza pamoja rumande. Mdogo wangu anamlaza kichwa gotini kwake, hajui ni nani.

Tangu polisi waliponiletea barua yake ya usiku ule nimeanza kumjibu kila siku na kila siku nachana. Nilimdanganya mara moja ili asiue, na mtu mwema amekatwa vidole. Sasa nikimwambia ukweli ataua kweli, na safari hii atakaa ndani mpaka binti yake awe bibi. Kesho wanaufungua waya. Nitakuja mwenyewe, nitamweleza kwa mdomo, mbele ya askari. Nakuomba, Kofia. Jumapili nenda na sabuni tu.

Mkia


Rumande, 30 Machi

Dada,

Kofia alikuja Jumapili na bahasha mkononi. Baadaye ametuma salamu kwamba barua yako ilimfikia nyumbani akiwa ameshatoka. Usimlaumu.

Niliisoma kijana akiwa amelala, homa imempanda, kichwa palepale gotini. Nilimaliza nikaisoma tena. Halafu nikafungua kitambaa, shati langu mwenyewe. Sikuwahi kukitazama kile kidonda, alikuwa anajifunga mwenyewe amegeukia ukutani. Meno yote yapo, Dada, duara kamili, ila juu katikati pana nafasi ambapo jino halikupita. Pengo lako. Nililifanya mimi, ningelijua hata kwa kupapasa.

Nilimshika shingo. Ni nyembamba, viganja vyangu vilikutana. Akafungua macho, akasema, "Baba, mimi—"

Na mimi nikamsikia yule wa kwenye pampu, amepiga magoti, anapangusa mikono. Yule mama mwingine, mimi ndiye. Neno moja lilibaki, Dada. Niliyembeba. Sikuwa na subira ya neno hilo.

Basi huyu nilimwacha amalize. Sikuitoa mikono shingoni, ila niliilegeza apate kusema. Ilichukua muda. Alisema msimamizi wa shamba aliwatishia kuwafukuza wasipomwaga damu siku ile. Alisema mke wangu alipoanguka alikuwa bado anamtukana. Hapo nilikaribia kucheka, na hapohapo nilikaribia kumvunja. Alisema alijua mimi ni nani tangu siku ile niliposimulia, na akaendelea kulala gotini kwangu kwa kuwa hakuwa na pengine.

Alipomaliza nikamwacha chini, nikachukua bakuli, nikagonga mlango wa chuma mpaka likapasuka. Askari akaja na fimbo. Nikamwambia, mtoe huyu sasa hivi. Akauliza kwa nini. Nikamwambia nimemsikiliza mpaka mwisho na bado nataka kumuua, mtoe, asubuhi utamkuta maiti. Alinipiga fimbo mbili za kichwa kwa kumsumbua, kisha akamtoa. Kijana alikuwa ananiangalia mpaka mlango ulipofungwa.

Sikumsamehe. Asiniletee mtu habari hizo. Wewe pia bado sijui nitakufanyaje, kwa lile sikio na zile filimbi. Utakuja, tutagombana kwa midomo, sasa unao.

Lakini usije kwangu kwanza. Vuka huo uwanja wa hospitali. Mkewe atakupiga, mwache akupige. Nunua machungwa, omba kikombe, ukae kwenye ukingo wa kitanda chake. Mkamulie wewe.

Mdogo wako